Tofauti kati ya Uzamiaji wa Burudani na wa Kiufundi

Uzamiaji wa burudani una mipaka miwili mikuu: kina kisichozidi meta 40, na mzamiaji kuweza kupanda moja kwa moja hadi juu wakati wowote. Uzamiaji wa kiufundi huanza pale mpaka mmojawapo unapovukwa.

Kadiri mtu anavyozama, ndivyo mwili wake unavyofyonza naitrojeni zaidi. Akipanda upesi, gesi hiyo hufanya viputo katika damu na viungo. Kwa hiyo mzamiaji wa kiufundi hupanda kwa vituo, hubeba mitungi ya akiba, na katika vina vikubwa hutumia mchanganyiko wenye heliamu ili kupunguza ulevi wa naitrojeni.

Uzito wa tofauti hiyo hudhihirika Dahab, nchini Misri, katika shimo mashuhuri la Bahari ya Shamu. Tao la kutokea baharini liko chini ya meta 50, na wazamiaji kadhaa waliolifuata kwa mtungi mmoja wa hewa walipoteza maisha. Majina ya baadhi yao yamebandikwa kwenye mwamba wa ufukweni.

Bahari haimbagui mzamiaji. Kinachowatofautisha ni mafunzo, vifaa na mpango wa kurudi.