Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja

Leo nataka kuwachukueni, kwa maneno tu, mpaka katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja. Wengi wetu tulisoma chuoni habari za Seyyid Said, habari za karafuu na pembe, na habari za soko la watumwa. Walakini ni wachache waliopata kujiuliza habari za nyumba zenyewe na njia zilizo kati yao: nani aliyezijenga, nani aliyekaa humo baada yake, na kwa sababu gani leo mtu akipita huona picha za rangi na kanga zimetundikwa mahali ambapo zamani palilundikwa magunia. Kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu, na safari hii nilikwenda na wanafunzi wangu 14. Yale nitakayosema ni yale tuliyoyaona, pamoja na yale ya zamani yaliyoyazaa.

Tuliingia kwa upande wa Darajani. Mwanafunzi mmoja aliuliza, «Mwalimu, daraja liko wapi?» Swali zuri, kwani daraja halipo. Zamani hori ya bahari iliingia nyuma ya mji ikautenga na upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo sababu upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Katika karne ya 20 hori ile ilifukiwa kidogo kidogo, na leo ni barabara kubwa yenye magari. Maji yamekwenda, daraja limekwenda, lakini majina mawili yamebaki kuwa mashahidi. Soko la Darajani lenyewe lilijengwa mwaka 1904, na mtu akilipita, hatua chache tu, mara kelele za magari hukatika, naye yumo katika kichochoro.

Njia ni nyembamba. Pengine watu wawili wakikutana na mmoja ana mzigo kichwani, mwenziwe hujibanza ukutani. Wageni husema kwamba mji huu ulijengwa ovyo, nami sikubali. Kuta ndefu zilizokaribiana hutiana kivuli, hata saa saba ya mchana jua haligusi chini, na upepo wa bahari hupenya katikati kama katika mluzi. Mbele ya nyumba nyingi pana baraza, yaani kikalio cha mawe kilichounganishwa na ukuta, na juu yake watu huketi, husuka ukili, hucheza bao, hubishana. Mvua kubwa ikijaza njia, mtu huweza kupita juu ya baraza toka nyumba hata nyumba asilowe miguu.

Nyumba nyingi tuzionazo ni za karne ya 19. Kabla ya hapo palikuwa na Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na nyumba za mawe chache, na vibanda vingi vya makuti. Seyyid Said alipohamishia enzi yake Unguja toka Maskati, fedha ya karafuu, pembe na watumwa iliingia, na mawe yakaanza kupanda juu ya mawe. Tusilipite jambo hili upesi: aghalabu waliochimba mawe yale na kuyabeba hawakuwa watu huru. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Seyyid Barghash na Waingereza, na pale pale Mkunazini likajengwa kanisa kubwa. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukwisha siku ile.

Ukitaka kujua hayo, nenda mtaa wa Hurumzi. Wenyeji husimulia kwamba jina lile limetokana na neno huru. Amri ya mwaka 1897 ilipotoka, mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana wake akalipwa fedha. Nao husema kwamba malipo yalitolewa katika nyumba moja kubwa ya mtaa ule. Angalieni hesabu ile: aliyelipwa ni aliyemiliki, si aliyetumikishwa. Na masuria hawakuingizwa katika amri ile mpaka mwaka 1909. Wanafunzi wangu walinyamaza kidogo waliposikia hayo, kisha wakaanza kuangalia kuta kwa macho mengine.

Sasa niwaelezeni namna nyumba hizi zilivyojengwa, kwani bila kujua hayo hatutafahamu msiba wake. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa chenyewe ni matumbawe yale yale yaliyochomwa tanuuni. Unene wa ukuta hufika dhiraa moja au kuzidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko zilizokatwa katika vinamasi vya pwani, na juu ya boriti huwekwa mawe na chokaa mpaka ikawa sakafu ya ghorofa. Boriti hizo hazivuki sana pima moja na nusu. Basi mjenzi, hata awe tajiri namna gani, hawezi kufanya chumba kipana kuliko boriti yake. Ndiyo maana vyumba vya Unguja ni virefu na vyembamba. Mti wa pwani ndio uliokata kipimo cha nyumba ya tajiri, na jambo hilo hunifurahisha kila nilifikiripo.

Katika mitaa ya biashara nyumba nyingi zilijengwa na Wahindi waliotoka Kachi na Gujarati. Chini duka, juu jamaa ya mwenye duka. Mmoja wao, Tharia Topan, alikuwa tajiri mkubwa zamani za Seyyid Barghash. Mwaka 1887 aliweka msingi wa zahanati karibu na bandari, lakini akafa kabla haijamalizika. Jengo hilo lenye roshani za mbao zilizochorwa lasimama hata leo. Milango nayo ina lugha yake. Mlango wa Kiarabu wa zamani una kizingiti cha juu kilichonyoka. Ule wenye upinde juu watokana na mtindo wa Kihindi. Vile vyuma vyenye ncha, vilivyotengenezwa kwa shaba, husemwa kwamba huko Bara Hindi viliwekwa kuwazuia tembo wasivunje mlango. Unguja hapana tembo wa kuvunja mlango. Vilibaki kuwa pambo na fahari ya mwenye nyumba.

Ndivyo mji ulivyokuwa hata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baada yake Waarabu na Wahindi wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikawa za Serikali. Jamaa zilizokuwa zikikaa katika vibanda zilipewa vyumba katika majumba yale. Kwa watu wale ilikuwa haki iliyochelewa sana, wala sitamsikiliza mtu anayesema kwamba hawakustahili. Lakini nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja yenye mali na watumishi ikakaliwa na jamaa nne au tano zisizo na mali. Kodi ilikuwa ndogo, isiyotosha hata kununua chokaa. Paa lilikuwa la wote, basi halikuwa la mtu. Mvua zikaingia juu, udongo ulio ndani ya ukuta ukalowa, boriti zikaoza vichwa, na majumba yakaanza kuanguka, moja baada ya moja, hasa wakati wa masika.

Mwaka 1985 Serikali ikaunda Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe. Katika miaka ile ile milango ya biashara ilifunguliwa tena, wageni wakaanza kuja, na baadhi ya nyumba zikauzwa kwa watu walioweza kuzitengeneza. Zahanati ya Tharia Topan ilitengenezwa upya katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 mji wote ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tamasha la filamu lilianza mwaka 1998, na lile la muziki liitwalo Sauti za Busara mwaka 2004, yote mawili yakitumia Ngome Kongwe, mahali palipojengwa kwa mizinga. Mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki, ambamo vijana hufundishwa kinanda, udi, fidla na taarabu.

Basi leo ukitoka Hurumzi kwenda Gizenga, njia yote ni maduka. Kanga na vikoi, makasha yenye misumari ya shaba, vinyago vya Wamakonde, viungo vilivyofungwa katika vikapu vidogo, na picha, picha, picha. Nyingi ni za mtindo wa Tingatinga. Mtindo huo si wa Unguja; ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa pande za Tunduru, aliyepaka rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba, naye alifariki mwaka 1972. Mwanafunzi wangu mmoja alinung'unika: «Hapa wanauza mambo ya kwingine.» Nilimkumbusha kwamba hata karafuu si mti wa Unguja. Tena nilimtajia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, akaja mjini akitembeza vyungu vya kuuza katika vichochoro hivi hivi, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyomtambulisha. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kutiwa sauti katika santuri. Mji huu tangu awali hupokea, hugeuza, na kuuza.

Walakini kuna jambo la pili. Katika mtaa mmoja tulikaribishwa barazani na mzee wa miaka zaidi ya 70, ambaye jina lake sitalitaja. Tulimwamkia, akaitikia, akawanunulia wanafunzi wote kahawa, hata nikaona haya.

«Maalimu,» akaniambia, «ulipokuwa ukija umehesabu maduka. Umehesabu majirani?»

Nikamwambia, «La, mzee wangu.»

Akanyosha kidole. Nyumba ile ilikuwa ya jamaa tatu. Sasa ni ya kulaza wageni. Ile ya pili, chini duka la picha, juu ghala. Mwana wake mwenyewe amehamia shamba, kwani kodi za mjini zimepanda. Nyumba anayokaa yeye ni ya wakfu. Kodi yake ni nafuu, lakini matengenezo huchelewa. «Hapa zamani,» akasema, «mtu akifa, jeneza lilipokewa toka mkono hata mkono mpaka msikitini. Juzi tulikuwa sita.»

Akatupandisha ghorofani atuonyeshe ukuta wake wa kaskazini. Chokaa imevimba kama mkate, na ukiigusa yaanguka unga. Jirani aliyegeuza nyumba yake iwe ya wageni ametia bafu katika kila chumba, na maji huvuja ndani ya ukuta ulio wa wote wawili. Kisha fundi aliletwa akapaka saruji juu ya madoa. Hapo wanafunzi walijifunza somo ambalo nisingeliweza kulifundisha ubaoni. Chokaa huvuta pumzi: ikilowa, hukauka tena. Saruji huziba. Maji yaliyomo ndani hayapati njia ya kutoka, hupanda, hufika kwenye boriti, na boriti huoza pasipo mtu kuona.

Maneno hayo si ya nyumba za maskini peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka pamoja na mnara wake wa saa wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili walikufa. Jumba lile lilikuwa likisifiwa katika vitabu vyote.

Mimi siwalaumu wenye maduka. Fedha yao imetengeneza mapaa mengi ambayo pasipo wao yangekuwa mawe njiani, na vijana wengi hupata riziki humo, hata wale waitwao papasi wanaowaandama wageni. Mwaka 2023 wageni waliofika Unguja walizidi laki sita, na watu wengi namna hiyo hapana budi watabadili mji wo wote. Lakini nyumba ya matumbawe hutaka mtu anayelala chini ya paa lake, asikie tone la kwanza usiku, ajue limetoka wapi. Mwenye duka hufunga saa mbili akaenda zake. Mgeni hulala siku tatu. Nani atakayelisikia tone lile?

Kabla hatujaondoka, mzee aliangalia juu, akauliza kama kati ya wanafunzi wangu yuko asiyeogopa kupanda. Mfereji wa paa ulikuwa umezibwa na majani na mifuko, na masika yalikuwa karibu. Wawili walijitolea. Ngazi haikuwapo, basi mmoja akashuka kuomba katika duka la picha. Na yule kijana mchoraji, mikono yake ikiwa ingali na rangi ya buluu, akaja nayo mwenyewe, akapanda wa kwanza. Walitoa taka za ndoo tatu. Mzee alimimina birika moja la maji juu ya paa, nasi sote tukasimama chini kichochoroni, vichwa juu, tukingoja kuona yatatokea wapi.