Mafuta ya Kukinga Jua kwa Watoto Wadogo Wenye Ukurutu: Aina, Viambato na Matumizi katika Mazingira ya Isiolo

Mafuta ya kukinga jua ni krimu, losheni au jeli ya kupaka ambayo kazi yake ni kuzuia mionzi ya urujuanimno isiifikie ngozi hai. Jina hili halihusu mafuta ya mgando, samli, mafuta ya nazi wala losheni ya kawaida ya mtoto. Hivyo vyote hulainisha ngozi na kuizuia isikauke, lakini havina vichujio vya mionzi vya kutegemewa, hata mtoto aking'aa vipi. Mionzi yenyewe ni ya namna mbili. UVB, yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, huunguza tabaka la juu la ngozi. UVA, ya nanomita 315 hadi 400, hupenya ndani zaidi, hupita kwenye kioo cha gari, na huchangia sana madoa meusi kukolea. Mafuta yanayozuia zote mbili huitwa ya wigo mpana, na yasiyo ya wigo mpana hayafai kwa mtoto yeyote.

Mji wa Isiolo, nchini Kenya, uko chini ya nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Jua la saa sita hupita utosini mwezi Machi na tena Septemba, na miezi mingine halisogei mbali na hapo. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko, na mchanga mkavu, kama wa laga (mto wa msimu), huirudisha juu kiasi cha asilimia 15. Mawingu mepesi hayazuii kitu cha maana, kwani zaidi ya asilimia 90 ya mionzi yaweza kupenya. Kivuli cha mgunga nacho kina matundu mengi. Kuta za nyumba na paa lililojengwa hukinga vizuri zaidi. Pamoja na hayo kuna upepo mkavu, ambao kwa mtoto mwenye ukurutu ni adui sawa na jua lenyewe.

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, ni ugonjwa wa muda mrefu unaoanza mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Ngozi hushindwa kuhifadhi maji yake, hukauka, huwasha, na kupitisha vitu ambavyo ngozi nzima ingevizuia. Ngozi nyepesi kudhurika ni jambo jingine: huchomwa na sabuni au manukato, lakini haina ugonjwa wa kudumu. Tofauti hii ina uzito wakati wa kuchagua mafuta. Mtoto wa aina ya pili hutosheka na krimu isiyo na kile kinachomdhuru, ilhali mwenye ukurutu huhitaji pia krimu isiyomkausha na isiyochoma penye mikwaruzo.

Jua nalo halimdhuru kila mtoto mwenye ukurutu kwa njia moja. Kwa walio wengi, kinachochokoza ni joto na jasho. Muwasho huzidi kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na chini ya ukosi wa sare ya shule, mahali ambapo jua halifiki kabisa. Kwa wachache ni mwanga wenyewe. Vipele hutokea usoni, kifuani penye shingo ya nguo na mgongoni mwa viganja, huku chini ya kidevu na nyuma ya masikio pakibaki salama. Mchoro huu wa vipele mwilini hueleza mengi kuliko lebo yoyote ya dukani. Wa kundi la kwanza hufaidika zaidi na kivuli, maji na nguo nyepesi, na kumpaka krimu nzito mwili mzima huweza kumwongezea jasho. Wa kundi la pili ndiye anayehitaji mafuta ya kukinga jua kama sehemu ya tiba, tena baada ya kuonwa na daktari wa ngozi.

Ushauri mwingi uliochapishwa juu ya mafuta haya uliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na hofu yake kuu ni kuungua na saratani ya ngozi. Mtoto wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru huzaliwa na kinga kubwa ya melanini, ingawa kinga hiyo si kamili. Shida yake ya kawaida ni baka jeusi au jeupe linalobaki baada ya ukurutu kutulia, ambalo jua hulikoleza au hulifanya lionekane zaidi. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa Isiolo mafuta ya kukinga jua ni msaidizi wa tatu, nyuma ya nguo na krimu ya kulainisha. Kuyaweka mbele ya hivyo ni kutumia fedha mahali pasipo na ugonjwa.

Vichujio vimegawanyika katika makundi mawili. Vya madini ni oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, chembechembe zinazokaa juu ya ngozi na kufyonza mionzi huku zikiirudisha sehemu yake. Zinki hufunika karibu wigo wote wa UVA. Titani ni hodari zaidi kwa UVB. Vya kikemikali, kama oksibenzoni, avobenzoni na oktokrileni, hufyonza mionzi na kuigeuza kuwa joto. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza kwamba ni zinki na titani pekee zenye ushahidi wa kutosha wa usalama na ufanisi. Hivyo vitatu vya kikemikali havikutangazwa kuwa sumu, ila vilihitaji uchunguzi zaidi, baada ya baadhi yake kuonekana katika damu. Oksibenzoni na oktokrileni pia zinajulikana kuleta mzio wa ngozi. Kwa mtoto mwenye ukurutu, zinki ndiyo chaguo la kwanza bila kusitasita. Kasoro yake ni weupe unaobaki usoni kama majivu; krimu zenye rangi ya oksidi ya chuma huupunguza, na chuma hicho huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa.

Kibebeo, yaani kitu ambamo vichujio vimechanganywa, hakipewi uzito unaostahili. Krimu nzito hufaa ngozi kavu. Losheni huenea upesi lakini ina maji mengi. Jeli na vya kupuliza kwa kawaida huwa na alkoholi, ambayo huchoma kwenye mikwaruzo, na mtoto huweza kuvuta hewa ya kile kinachopulizwa.

Viambato vya ziada husomwa nyuma ya tyubu, vikiwa vimepangwa kuanzia kilicho kingi. Manukato huandikwa “parfum” au “fragrance”, na neno hilo moja huweza kuficha kemikali kadhaa. Maneno “unscented” na “fragrance-free” hayalingani: la kwanza huweza kumaanisha kwamba harufu imefunikwa kwa harufu nyingine, la pili kwamba haikutiwa. Kihifadhi cha methylisothiazolinone kimeleta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku katika vipodozi vinavyoachwa mwilini. Mafuta ya karanga au lozi hayapakwi kwenye ngozi iliyopasuka, kwani mwili huweza kujenga mzio wa chakula kupitia ngozi. Krimu za kung'arisha hazimo katika kundi la mafuta ya kukinga jua hata zikiandikwa SPF (kipimo cha kinga ya jua). Baadhi yake zimekutwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na kumpaka mtoto mdogo ni kumdhuru.

SPF hupima UVB peke yake. SPF 15 huzuia asilimia 93 hivi, 30 asilimia 97, na 50 asilimia 98. Kutoka 30 hadi 50 ni hatua ndogo, na bei ya juu mara nyingi hununua tarakimu tu. Kipimo hicho hufanywa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, unene ambao watu wachache huufikia, na anayepaka nusu hapati kinga iliyoandikwa. Krimu ya 30 iliyopakwa vya kutosha na kurudiwa kila saa mbili hushinda ya 50 iliyopakwa kwa ubahili asubuhi.

Jaribio la awali la krimu mpya hufanywa kwa kupaka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono mara mbili kwa siku, kwa wiki moja, penye ngozi nzima. Maelekezo ya kawaida husema itazamwe kama pamekuwa pekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Dalili huwa kijivu, zambarau au weusi uliozidi, vipele vidogo vigumu kama ngozi ya kuku, uvimbe, au mtoto kujikuna pale pale. Kidole hupapasa na kugundua mengi kabla ya jicho.

Mpangilio wa kupaka ni huu: krimu ya kulainisha kwanza, kisha nusu saa ya kusubiri, kisha mafuta ya kukinga jua. Yakichanganywa kiganjani, vichujio hupunguzwa nguvu. Penye majeraha yanayotoka maji hapapakwi. Jioni mafuta hayo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na krimu hurudiwa.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapakwi mafuta haya. Hukingwa kwa kivuli na nguo, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa umri wowote, pamba nyepesi iliyofumwa kwa kubana, yenye mikono mirefu, hukinga bila kemikali. Pamba iliyolowa jasho hupitisha mionzi zaidi, basi hubadilishwa.

Mtoto mwenye ualbino yuko nje ya utaratibu huu wote. Kwake mafuta ya kukinga jua ni ya kila siku na ya kuokoa maisha, awe na ukurutu au asiwe nao. Sensa ya Kenya ya 2019 iliorodhesha watu 9,729 wenye ualbino, na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu huwagawia mafuta bila malipo kupitia hospitali za umma. Ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC kilianza miaka ya 2010 kutengeneza krimu ya Kilisun mahususi kwa ajili yao.

Uhifadhi ni sharti gumu Isiolo. Krimu nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na joto la mchana hapa mara kwa mara huzipita hizo. Tyubu iliyopangwa dirishani mwa kemisti juani, au iliyosahauliwa ndani ya gari, huweza kuharibika kabla ya tarehe yake. Ikikamuliwa hutoa maji kwanza kisha bonge, na zinki huwa imejikusanya mahali pamoja, hivyo sehemu moja ya ngozi hukingwa na nyingine hubaki wazi. Ndani ya nyumba, chini ya mtungi wa maji, ni mahali pazuri pa kuiweka.