Safu za Mahindi: Kuzidisha kwa Mikono Kalama

Katika vilima vya Kalama, kusini mwa mji wa Machakos nchini Kenya, mtoto huiona hesabu ya kuzidisha shambani kabla hajakutana nayo ubaoni. Mahindi hupandwa kwa mistari juu ya matuta ya ngazi, na mistari mitatu yenye mashina manne manne ni mashina kumi na mawili. Hindi lenyewe lina somo lake: safu zake za punje karibu kila mara ni namba shufwa.

Wamishonari wa Africa Inland Mission walifika Ukambani, eneo lenye Machakos na Kalama, mwaka 1895, na katika shule zao kusoma Maandiko kulitangulia. Jedwali la kuzidisha lilikaririwa kwa sauti. Mwaka 1925 Jeanes School ilifunguliwa Kabete kuwaandaa walimu wa kuzizungukia shule za vijijini na kuyafungamanisha masomo na maisha ya nyumbani, wazo zuri lililowafikia wachache.

Mapema miaka ya 1960 ukaja mfumo mpya wa kufundisha shule za msingi, uliotaka mtoto ajifunze kwa kutenda. Vijiti, kokoto na punje zikapata nafasi mezani. Thamani ya njia hii huonekana kwa vifuniko vya soda kumi na viwili: mtoto huvipanga safu tatu za vinne, kisha huhamia upande wa meza ulio kando yake na kuona safu nne za vitatu. Hakuna kifuniko kilichosogea. Kwamba tatu mara nne ni sawa na nne mara tatu, amelishuhudia mwenyewe, na wimbo wa jedwali hauwezi kumpa hilo.

Namba zikikua, vijiti hufungwa kumi kumi kwa uzi wa mkonge. Kumi na mbili mara nne huwa mafungu manne na vijiti vinane vya pembeni, yaani arubaini na nane.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, madarasa nchini yalifurika, na ni vigumu mwalimu mmoja kuzifuata kokoto za watoto themanini. Kukariri kulikuwa rahisi zaidi. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini mwaka 2019, uliliita somo la hisabati Shughuli za Hisabati katika madarasa ya chini. Mtoto huanza na vitu, hufuata vidoti vilivyochorwa daftarini, na tarakimu huja mwisho.