Kompyuta za Chogo Zilitoka Wapi? Historia ya Mashine Zilizokataliwa Kwao

Wadau, mliosoma shule zenye chumba cha kompyuta mtanielewa haraka. Viatu mnaacha mlangoni, mashine za rangi ya maziwa zina chogo nyuma kama TV ya babu, watu watatu mausi moja. Ukichungulia pembeni unakuta stika ya ofisi fulani ya Ulaya. Zilifikaje huku?

Turudi nyuma kidogo. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Yaani miaka ileile vijana wa California wanaunda kompyuta zao gereji, huku mlango umefungwa. Ulikuja kufunguliwa miaka ya 1990.

Sasa mlango umefunguka, ila mashine mpya haishikiki kwa bei. Wakati huohuo Ulaya wana shida yao. Ofisi zilikuwa zinabadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, halafu ikaja ile hofu ya mwaka 2000, kwamba mashine za zamani zitachanganya 2000 na 1900. Nyingi zikatolewa maofisini zikiwa bado nzima. Baadaye Umoja wa Ulaya ukatunga sheria za kuwabana watengenezaji wahusike na vifaa vyao vikichakaa, na kutupa ovyo kukawa kesi.

Kwa hiyo wao wana mashine wasizozitaka, sisi tuna shule zisizo na kitu. Ndoa ikafungwa hapo.

Kuna waliofanya hii kazi kwa akili. Computer Aid International ya London ilikusanya kompyuta za maofisini, ikafuta data, ikapima kila moja, ndo ikasafirisha. Kenya, mwaka 2002 ikaanzishwa Computers for Schools Kenya kupeleka kompyuta mashuleni. Wafanyabiashara nao hawakulala: makontena kutoka Uingereza na Dubai yakajaza maduka ya Kariakoo na Nairobi.

Lakini tusidanganyane, siyo kila kontena lilibeba heri. Mkataba wa Basel wa kuzuia taka hatari kuvushwa kiholela toka nchi moja kwenda nyingine ulipitishwa mwaka 1989 na kuanza kazi 1992. Wajanja wakaona upenyo: kitu kikiandikwa "kimetumika, kinafanya kazi", hicho siyo taka, ni bidhaa. Wakachanganya nzima na mbovu. Pale Agbogbloshie, Accra, vijana walikuwa wanachoma nyaya wapate shaba, moshi wote wanavuta wao. Na lile chogo lina kioo chenye madini ya risasi, siyo kitu cha kupasua kwa nyundo nyuma ya nyumba. Uganda uvumilivu ukaisha, mwaka 2009 ikatangaza marufuku ya kompyuta zilizotumika.

Kwa mtazamo wangu, kinachotenganisha msaada na taka siyo umri wa mashine. Ni watu wawili: aliyeipima kabla ya kuipakia, na fundi aliyeipokea. Shule iliyopata kompyuta ishirini bila fundi, pawa saplai zikianza kuungua moja moja, chumba kinageuka stoo. Ila penye fundi anayetoa memori kwenye mashine tatu zilizokufa akafufua moja, watoto wanasoma. Mafundi hawa hakuna aliyewapiga picha wakati wa makabidhiano. Picha zilipigwa na wenye suti.

Kwa nini nawaambia leo? Kwa sababu wimbi lingine hili hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi nzima haziruhusiwi kupanda Windows 11. Huko ughaibuni zinatafutiwa pa kwenda. Afadhali kidogo, kuanzia Januari 1, 2025 mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Lakini "kimetumika, kinafanya kazi" bado inapita. Macho yetu bandarini ndo yatakayoamua.

Na wewe mwenye laptopu imelala kabatini miaka miwili, usijifanye hayakuhusu. Futa data zako vizuri, siyo kuzitupa tu kwenye kikapu cha kwenye skrini. Mpe fundi aweke Linux, ni bure na haihitaji mashine ya kifahari. Halafu itoe pamoja na chaja yake, kwa mtu unayejua ataitumia. Kama imekufa kabisa, sema imekufa, fundi achukue spea. Tusiwafanyie wadogo zetu kile tulichofanyiwa na makontena.

Shule yenu zile za chogo ziliishia wapi? Darasani au stoo? Tiririka hapo chini.