Mgeni wa Siku ya Tatu: Historia ya Wahamiaji wa Geita Inayongoja Filamu

Mwaka 1971 mwongozaji wa Kiswidi, Jan Troell, alitoa filamu iitwayo Utvandrarna, iliyotokana na riwaya za Vilhelm Moberg. Inasimulia habari za wakulima wa Småland, kusini mwa Uswidi, ambao katikati ya karne ya 19 waliiacha nchi yao wakavuka bahari hadi Minnesota, Marekani. Mwaka uliofuata ikatoka sehemu ya pili, Nybyggarna. Mwenye kuzitafsiri anwani hizo mbili hukuta jambo la kumsimamisha. Ya kwanza maana yake ni watu wanaohama kwenda nje. Ya pili maana yake ni wajenzi wapya. Watu ni wale wale, Karl Oskar na mkewe Kristina, lakini jina limebadilika kwa sababu wamefika, wamekata miti na kusimamisha nyumba. Lugha imekwisha kuwapokea.

Troell hakuianza filamu yake melini. Aliianza katika shamba lililojaa mawe, katika deni na katika njaa iliyoua mtoto. Mtazamaji anapofika bandarini huwa amekwisha kuelewa kwa nini watu hawa hawana budi kuondoka.

Afrika ya Mashariki nayo haikosi filamu za mgeni na mashaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Muhogo Mchungu, juu ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na yaliyomkuta mjini. Aliyecheza humo ni kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka 2021 Amil Shivji aliileta kwenye sinema riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, na Unguja ya miaka ya 1950 ikaonekana tena, pamoja na Yasmin, binti wa jamaa ya Kihindi anayeikimbia ndoa aliyolazimishwa. Lakini uhamaji wa wakulima wa Shinyanga, Maswa na Kwimba kwenda Geita, pamoja na ule wa wachimbaji waliowafuata, haujapata filamu ya kihistoria iliyojulikana kiasi hicho. Atakayeitengeneza itambidi, kabla ya kuchagua waigizaji, aamue watu hao waitwe nani. Hilo si jambo dogo, maana katika ukanda wa dhahabu jina ndilo lililoamua nani abaki na nani aondoke.

Kiswahili kina utajiri wa majina hayo. Yuko mhamaji, anayetoka, na mhamiaji, anayeingia. Herufi moja tu inawatenga. Yuko mlowezi, ambaye kwa kawaida alikuwa Mzungu mwenye shamba. Yuko manamba, kibarua aliyeandikishwa kwa namba na kupelekwa kwenye mikonge ya Tanga. Hata jina la Wasukuma lenyewe lilitokana na mahali mtu alipo: kwa Wanyamwezi wa kusini, Wasukuma ni watu wa kaskazini. Visiwa hivi pia vina kumbukumbu ya watu wa bara hiyo, kwani Wanyamwezi walikuja kama wapagazi wa misafara, na baadaye kama vibarua katika mashamba ya karafuu.

Nchi inayoitwa leo Geita ilikuwa sehemu ya Usinza. Wenyeji wake ni Wazinza, na miongoni mwao waliishi Walongo, mafundi wa kuyeyusha chuma waliokuwa wakihama kufuata mawe yenye madini na miti ya makaa. Ardhi hiyo basi ilikuwa ikitoa mali yake muda mrefu kabla ya mwaka 1898, Wajerumani walipoona dhahabu huko. Filamu ya haki haitawasahau watu hawa. Palipo na mgeni pana mwenyeji, na mara nyingi hadithi ya mgeni husimuliwa kana kwamba alifika mahali patupu.

Upande wa pili wa Ghuba ya Mwanza mambo yalikuwa mengine. Katika miaka ya 1920 Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o, aliongoza ufyekaji mkubwa wa pori katika Shinyanga, na maelfu ya Wasukuma wakaitwa kufyeka ili mbung'o wakose kivuli. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza kwa kupitia Shinyanga. Pamba ikapata njia ya kwenda pwani. Pori lilipopungua, mashamba yakaongezeka, ng'ombe nao wakaongezeka, na malisho yakaanza kuchoka. Udongo uliokanyagwa na kwato mwaka hadi mwaka ulichukuliwa na mvua. Hapa ndipo penye shamba la mawe la filamu hii. Mkulima wa Kwimba au Shinyanga hakuondoka kwa kupenda kutembea. Aliondoka kwa sababu mtoto wa tatu hakuwa na pa kulima.

Wa kwanza kuitwa Geita waliitwa kwa ajili ya dhahabu. Mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi huko tangu 1936 hadi 1966, na ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Kibarua wa zama hizo alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 ambayo kila siku iliyotimia ilitiwa alama. Siku ambayo msimamizi hakuikubali haikuhesabiwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa mgeni kwa maana kamili ya neno: alilala kambini, alikula posho, na kazi ikimalizika hakudai hata upana wa kitanda.

Waliofuata walikuja na ng'ombe, majembe na wake zao. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, na makao ya shirikisho la watemi yakawa Malya. Mpango huo ulikuwa na mikono miwili. Mmoja ulibana, kwa amri za kupunguza mifugo, kulima kwa matuta na kupanda muhogo wa akiba. Mwingine ulifungua, kwa kuchimba malambo, kufyeka pori na kuwaelekeza watu Geita, ambako ardhi ilikuwa bado tele. Familia zikavuka ghuba au zikaizunguka kwa kusini, zikiswaga mifugo. Mwenye kutazama leo Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, anavuka kwa dakika chache maji yaliyowachukua wazee wale siku nzima ya mashaka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Geita ilitimiza methali hiyo. Mgeni alipewa jembe, akalima pamba, akaingia katika vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana chini ya shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani. Siku yake ya tatu ilidumu miaka. Na ilipofika 1958, wakati serikali ilipotaka Geita iwe na baraza la wilaya lenye wajumbe wa Kizungu na Kiasia pamoja na Waafrika, watu walioonekana kuwa wageni waliandamana hadi Mwanza kulipinga, wakapiga kambi, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Baraza hilo halikudumu. Mtu haandamani hivyo kwa ajili ya nchi ya kupita. Hapo mhamiaji alikwisha kuwa mjenzi mpya, ingawa Kiswahili hakikumpatia neno hilo.

Katika miaka hiyo hiyo, Shinyanga ilikuwa na mhamiaji wa namna nyingine. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Quebec, Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Alizungushia mgodi wake ua na kujenga ndani yake mji wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akamtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Alifariki 1958. Katika vitabu anaitwa mgunduzi, ilhali watu wa vijiji vya jirani waliokuja kuingia usiku kuokota almasi waliitwa wabeshi. Hapana haja ya kumdhulumu Williamson ili kuona tofauti: yeye na wao walitafuta jiwe lile lile, na kilichowatenga kilikuwa hati.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakuta watu wa Geita na Shinyanga wakiwa wametulia, ikawahamisha tena. Safari hii hawakuitwa wahamiaji wala wageni, waliitwa wanavijiji. Kaya zilizotawanyika katika mashamba yake zilisogezwa kando ya barabara, na mti uliopandwa na babu ukabaki nyuma bila mwenyewe. Kwa mtengenezaji wa filamu, hapa kuna mandhari ambayo hayahitaji maneno mengi: nyumba iliyoezuliwa paa, na ng'ombe jioni wanarudi kwenye zizi la zamani kwa sababu hawajaarifiwa.

Kisha dhahabu ikarudi. Kuanzia miaka ya 1980 wachimbaji wadogo walijaa katika ukanda wote, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu. Walitoka kila pembe ya nchi. Walichimba maduara kwa sururu, wakayashikilia kwa magogo, wakagawana mawe kwa viroba kati ya mwenye duara, mgharamiaji na wachimbaji. Wanawake, ambao katika machimbo mengi walikatazwa kukaribia shimo kwa imani kwamba dhahabu itakimbia, walitwanga mawe, waliosha mchanga, walipika na kuuza. Zebaki ilishikwa kwa mikono mitupu.

Mwaka 1994 kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada, ilipewa leseni ya Bulyanhulu. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke, na katika Agosti maelfu wakaondolewa na maduara yakafukiwa. Yalizuka madai kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni waliyakanusha, na mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi wa kisasa ukaanza 2001, mwaka mmoja baada ya mgodi mpya wa Geita. Filamu haitaweza kuwa mahakama ya jambo hilo. Inaweza, hata hivyo, kuonyesha lisilobishaniwa: watu walikuwa na vibanda, maduka na watoto, na kwa siku chache tu wakawa hawana mahali. Neno lililotumika juu yao lilikuwa wavamizi.

Tazama basi safari ya jina katika familia moja inayowezekana kabisa. Babu alivuka ghuba katika miaka ya 1950 akaitwa mhamiaji. Baba alihamishwa 1974 akaitwa mwanakijiji. Mjukuu aliingia shimoni akaitwa mchimbaji mdogo, na mwaka 1996 akaitwa mvamizi, katika nchi ambayo babu yake alifyeka pori lake. Tangu hapo mengi yamebadilika. Wachimbaji wengi wadogo wamepata leseni, na Geita ina soko la madini tangu 2019. Lakini kumbukumbu ya majina hayo haijapata mahali pa kukaa, isipokuwa katika nyimbo. Mtafiti Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma, na mwenye kutaka kuandika mazungumzo ya filamu hatakosa pa kuanzia.

Methali ya jembe inaishia siku ya tatu. Haisemi mgeni aliyelima, akavuna na kuzika wazazi wake shambani aitwe nani siku ya nne. Swali hilo lingali wazi Geita, na filamu itakayofaa kutazamwa ni ile itakayompa mjukuu nafasi ya kulijibu kwa kinywa chake.