Chama cha Mpira si Timu

Kila Taifa Stars inapofungwa, vijiwe vyetu hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Chang'ombe, hutoa hukumu moja: viongozi wa TFF wang'oke! Wiki hii nauliza swali ambalo hukumu hiyo hulipita: kazi ya chama cha mpira hasa ni nini?

Chama chetu kilianzishwa mwaka 1930, enzi za Mwingereza. Mwaka 1945 Tanganyika iliingia katika Kombe la Gossage, ambalo tangu 1926 lilikuwa la Kenya na Uganda tu. Tukalitwaa mara tatu mfululizo: 1949, 1950 na 1951. Hapo tunaiona kazi ya kwanza ya chama. Wachezaji wazuri peke yao hawavuki mpaka. Lazima kiwepo chombo kinachotambuliwa na wenzake.

Baada ya Uhuru, chama kikiitwa FAT, kilijiunga na FIFA mwaka 1964. Mwaka 1965 ikaanza ligi ya taifa, na Sunderland, ambayo leo ni Simba, ikawa bingwa wa kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya pili: kusimamia ratiba, usajili, waamuzi na rufaa. Ni kazi isiyoshangiliwa na mtu, lakini ikivurugika, kandanda yote huvurugika.

Mwaka 1980 Stars ilicheza fainali za Afrika kule Lagos, nahodha akiwa Leodegar Tenga. Tulifungwa mechi mbili, tukatoka sare moja. Kurudi kwenye fainali hizo kulituchukua miaka 39, hadi Misri mwaka 2019. Wapo wanaosema vipaji vilikauka. Mimi sikubali. Vipaji vilikuwepo, kilichokosekana ni utulivu. FAT ya miaka ya 1990 ilifahamika kwa migogoro kuliko kwa mabao. Mwaka 2004 chama kikawa TFF, na Tenga yule yule akachaguliwa rais, akaongoza hadi 2013. Kilichotangulia kurudi ni taratibu. Kombe la Chalenji lilikuja 2010, na fainali za Afrika baadaye sana.

Wengine husema Serikali ingeuvunja tu uongozi unaolalamikiwa. Tuwatazame jirani zetu. Novemba 2021 waziri wa michezo wa Kenya alilivunja shirikisho lao na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na adhabu haikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Harambee Stars ikaondolewa kwenye mchujo wa fainali za Afrika za 2023. Wakubwa waligombana, wachezaji wakaadhibiwa. Nakiri kwamba kinga hiyo ya FIFA ina hatari yake, maana hata kiongozi mbovu anaweza kujificha nyuma yake. Ndiyo maana dawa lazima itoke ndani, kwa kura.

Na kura hizo ni za nani? Serikali imehamia Dodoma, ofisi za TFF ziko Karume, Ilala. Lakini mkutano mkuu wa TFF hukusanya wajumbe wa vyama vya mikoa, chetu cha DOREFA kikiwemo, pamoja na klabu za Ligi Kuu na vyama vya waamuzi, makocha na soka la wanawake. Mkoa nao husimama juu ya wilaya: Mpwapwa, Kondoa, Kongwa na nyinginezo. Dodoma Jiji ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2020/21, tulijaa Uwanja wa Jamhuri, na ilikuwa haki yetu. Uchaguzi wa chama cha wilaya je? Wangapi kati yetu wanamjua mjumbe wao kwa jina?

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa fainali za Afrika za 2027. Viwanja vitajengwa na makandarasi. Chama hakina mkandarasi. Hujengwa na wanaopiga kura, na sisi tunaowauliza kura yao wamempa nani na kwa nini. Anayelalamikia paa la Ilala aukague kwanza msingi wa wilayani kwake.