Mkaja, Mbeleko na Bamvua: Malezi ya Mama wa Kipemba

Mnamo mwaka 1858, katika kisiwa cha Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa wosia. Alikuwa mgonjwa, na alitaka mwanawe abaki na maneno yake pindi yeye akitangulia. Wosia huo umesalia, na jina la mtungaji limesalia nao. Ni bahati iliyowafikia akina mama wachache. Katika kisiwa cha Pemba, ambako majina ya Kamange na Sarahani yangali midomoni mwa wapenzi wa ushairi, hekima ya akina mama haikuandikwa wala kutiwa jina. Ilipita uani na jikoni, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mwari, ikabaki katika methali, katika desturi na katika majina ya vitu.

Vitu viwili hasa vinafaa kutazamwa. Cha kwanza ni mkaja, nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Cha pili ni mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kila mojawapo ya nguo hizi ina maana nyingine: mkaja na mbeleko ni majina ya zawadi apewazo mama wa bibi harusi wakati wa kuoza. Anayekuja kuposa hukumbushwa kwamba binti amtakaye alikwisha kulibebesha tumbo la mtu na mgongo wa mtu. Waswahili, basi, walikiri zamani ndani ya lugha yao kwamba malezi ni kazi, na kwamba kazi hiyo ina haki yake. Na kwa kuwa waliijua uzito wake, hawakumwachia mama peke yake. Mkono mmoja, wasema, haulei mwana.

Arubaini ya uzazi ndiyo mfano ulio wazi. Kwa muda wa siku 40 mzazi hakutarajiwa kushika jembe wala kuinua mtungi. Mama yake, au bibi, au mkunga alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja, akamnywesha uji wa pilipili manga ili apate nguvu na maziwa. Mtoto alipita mikononi mwa wengi kabla hajajua uso wa mmoja. Haikuwa anasa. Ilikuwa hesabu ya watu waliojua kwamba mwili uliozaa hauwezi kuhimizwa, na kwamba baada ya arubaini kazi zingemngojea mama mlangoni.

Kazi hizo, kwa Pemba, zilikuwa kwanza kazi za karafuu. Kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la zao hilo. Mashamba yalitegemea watumwa, wanawake kwa wanaume. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa haikuwapa masuria haki sawa na wengine. Wao, ambao wengi walikuwa mama wa watoto katika nyumba za mabwana zao, waliachwa nje ya amri ile hadi mwaka 1909. Historia ya malezi kisiwani haitimii bila kuwakumbuka wanawake hao, ambao umama wao wenyewe ulifanywa sababu ya kucheleweshewa uhuru.

Baada ya utumwa yalikuja malipo ya kibarua, na msimu wa karafuu ukawa msimu wa nyumba nzima. Wanaume walipanda juu, wanawake wakachuma matawi ya chini, na usiku wote wakakaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Kulipokucha karafuu zilianikwa juu ya majamvi, na wingu likionekana kila mtu alikimbilia kuzianua. Mtoto mchanga alilazwa mkekani chini ya mti, na aliyemwangalia kwa kawaida alikuwa dada yake mwenye umri wa miaka saba au minane. Ulezi ule wa mtoto kumlea mtoto ulikuwa nguzo isiyotajwa ya uchumi wa karafuu.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar. Watoto wa maskini walifunguliwa mlango uliokuwa umefungwa, na hapana mama wa kujutia jambo hilo. Lakini kila dada aliyekwenda skuli aliacha mkeka chini ya mti bila mwangalizi, na mama ilimbidi kutafuta mkono mwingine. Aghalabu ulikuwa mkono wa bibi. Watu wa Pemba wanalijua sana jambo hili: bibi aliyekwisha kulea wanawe saba huanza upya, magoti yakiuma, na wajukuu wanne.

Ndipo ulipokuja mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja, baada ya miaka mingi ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waasisi wake. Hakikuchukua muda kuvuka hadi Pemba, ambako leo ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa mara ya kwanza mama wa kijiji cha pwani alipata fedha iliyopita mkononi mwake mwenyewe: ya daftari, ya sare, ya bati la nyumba, na ya kujikimu pale talaka ilipomkuta na watoto miguuni.

Fedha hiyo, hata hivyo, ina saa yake, na saa hiyo huamuliwa na mwezi. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi, na mkulima huweza kuufikia kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika bahari hii maji makavu ya bamvua huangukia baina ya asubuhi na adhuhuri. Ndiyo saa ya mtoto kunyonya, kuogeshwa na kulala. Bahari haingoji mtoto amalize kunyonya.

Jibu la akina mama lilikuwa kuipanga nyumba kwa kalenda ya bahari. Siku za maji mafu zikawa za kliniki, za kufua, za shamba na za wagonjwa. Siku za bamvua, uji hupikwa alfajiri, mtoto akanyonyeshwa hadi dakika ya mwisho, kisha akakabidhiwa bibi au jirani ambaye zamu yake ya bahari haijafika. Mmoja hulea wa wawili, naye kesho hulelewa wake. Anayeumwa hufungiwa kamba zake na wenziwe. Hakuna chuo kilichowafundisha. Ni arubaini ile ile ya zamani, iliyohamishwa ukumbini ikapelekwa pwani.

Busara ya aina hiyo ilihitajika hata mbele ya dawa. Mwaka 2000 ilifunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri. Miaka ile Pemba ilikuwa na malaria nyingi, na watoto wengi walipungukiwa na damu, hivyo watafiti wakataka kujua kama madini ya chuma na asidi ya foliki yangewafaa. Watoto zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti. Mwezi wa Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisitishwa, kwa kuwa waliopewa walionekana kuugua sana na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likatahadharisha kuhusu kuwapa chuma watoto wote bila kubagua katika nchi zenye malaria. Dunia ilijifunza jambo hilo kwa watoto waliobebwa na mama zao wa Pemba. Ni deni ambalo halitajwi mara nyingi.

Leo yapo mambo mawili yanayoitikisa mizani hii. La kwanza ni joto la bahari. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa katika maji ya pwani yenye joto tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na maji yanayoifaa yako kwenye kina, ambako wengi wa wakulima hawa, wasiojua kuogelea, hawathubutu kwenda. La pili ni sheria. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo, naye mkulima wa mwani hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake ni ile wanayoweza kumnunulia ndugu na majirani kwa jasho lao. Na ndugu hao wanapungua: vijana wanahamia Unguja, Dar es Salaam na Omani, na bibi hawezi kuwa bibi wa kijiji kizima.

Kulea mimba si kazi, wasema wahenga, kazi kulea mwana. Wahenga hao hao walimwekea mama fungu lake katika mahari, wakalipa jina la nguo ya tumboni na jina la nguo ya mgongoni. Kizazi hiki nacho kina mkaja wake wa kutoa: mahali pa kuwaweka watoto karibu na pwani siku za bamvua, mafunzo ya kuogelea, bei ya mwani inayolingana na jasho lake. Mzazi hajifungi mkaja mwenyewe. Daima hufungwa na mikono ya mwingine.